Mwalimu Kalinga, Aliyepanda Mboga Shimoni

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Kalinga mliotoka Mufindi, majirani zetu wa Chunya, na nyote mliokaa nasi tangu Jumanne. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na Damari, mdogo wa mjane wetu Lea. Kikao kilikuwa kimempanga mtu mwenye sauti nzito zaidi, mjane akakataa. Alisema asome Damari kwa kuwa ni shemeji wa marehemu, na shemeji hana sababu ya kumsifu mtu bure. Basi Mwalimu atasifiwa panapostahili, na panapostahili kuchekwa atachekwa, kama alivyochekwa akiwa hai na yeye mwenyewe akicheka.

Mwalimu Liberatus Kalinga alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, kijijini Ifwagi, Mufindi, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Kalinga na mama Evarista. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mkunga alifika kalowa chapachapa, ikabidi ahudumiwe yeye kwanza. Ifwagi ni nchi ya ukungu. Mkulima wa huko hahangaiki kuyatafuta maji, anahangaika kuyaondoa. Mzee Kalinga aliwafundisha wanawe kuinua matuta marefu yenye mgongo wa juu ili mizizi isioze, na Liberatus alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alipofika miaka kumi na miwili majirani walikuwa wakimwomba aje awanyooshee matuta yao kwa kamba.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari Iringa mjini hadi 1974. Baada ya mwaka mmoja wa Jeshi la Kujenga Taifa alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu Desemba 1977 katika masomo ya Hisabati na Kilimo. Barua ya kupangiwa kazi ilisema Chunya. Wenzake walimpa pole. Yeye aliripoti tarehe 9 Januari 1978 na sanduku moja na jembe, akafundisha wilaya hii hii miaka thelathini na minane, kumi na minne kati ya hiyo akiwa mwalimu mkuu. Wanafunzi wake mpo wengi hapa. Mnakumbuka kwamba hakuwa mtu wa kiboko. Aliyekosa hesabu alipewa kopo la maji akamwagilie mche mmoja, mpaka ukue, na akikosa tena alipewa wa pili. Kuna watu hapa waliomaliza darasa la saba na shamba zima.

Mwaka 1981, akiwa likizo, Mwalimu aliingia kwenye karakana ya seremala mmoja wa Mafinga kuagiza rula ya ubaoni ya mita moja. Seremala huyo alikuwa baba yao Lea na Damari. Rula ikatengenezwa. Siku ya pili mteja akarudi, akasema imepinda. Ikarandwa. Siku ya nne akarudi tena, akasema bado. Mara ya tatu mzee aliilaza rula mezani, akafumba jicho moja, akaitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akamtazama mteja, halafu akamtazama binti yake Lea aliyekuwa akifagia maranda sehemu ileile kwa mara ya tatu.

“Kijana,” akasema, “rula hii haina kasoro. Sema unachotaka.”

Posa ilipelekwa mwaka uliofuata. Lea alilelewa Kilutheri, kwa hiyo mazungumzo ya kanisa yalichukua muda mrefu kuliko ya mahari, lakini yalikwisha vizuri. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Oktoba 1983, na tarehe 19 mwezi huohuo Mwalimu alimshusha mkewe hapa Chunya.

Mnaijua Oktoba ya Chunya. Bomba la mtaa wakati ule lilitoa maji siku moja kwa juma, tena likijisikia. Siku nyingine watu walikwenda kisimani, kilomita tatu. Lea, aliyekulia mahali ambapo mboga huota hata kwenye mfereji, aliizunguka nyumba ya mwalimu mara moja tu, akakuta uani kipande cha ardhi kigumu kama sakafu. Jioni ile hakula. Asubuhi alimwambia mumewe maneno ambayo aliyaandika pia kwa mdogo wake, na barua hiyo ipo mpaka leo: “Mwalimu, sikukataa kuolewa na wewe, na sasa sikukatai. Ila siwezi kuzeeka nikinunua mchicha. Nakupa mwaka mmoja. Ikifika Oktoba ijayo sijachuma mboga mlangoni kwangu, narudi kwa mama, na wewe uombe uhamisho unifuate.”

Mwalimu alijua, kama walimu wote wa hapa walivyojua, kwamba uhamisho wa kutoka Chunya watu waliuomba mpaka wakastaafu. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu. Aoteshe mboga uani, au abaki peke yake.

Akafanya alichokijua. Mvua zilipoanza Desemba aliinua matuta sita, marefu, mgongo wa juu, yamenyooshwa kwa kamba. Yalipendeza, hilo tusimnyime. Mvua ya Chunya ikaja kama ijavyo, kwa kishindo na kwa saa moja, ikateremka pande zote za matuta na kukimbilia barabarani. Siku ya tatu jua lilikuwa limeyakausha matuta mpaka ndani. Mchicha ulichomoza, ukachungulia, ukafa. Mwalimu akasema matuta hayajainuka vya kutosha, akayaongeza. Jirani mmoja akapita akauliza amezika nani. Akapanda tena Februari, akapanda tena Aprili. Mvua zilipokata akaanza kubeba maji kwa baiskeli, madumu mawili kila asubuhi kabla ya paredi, akiyamwaga juu ya tuta, na maji yakishuka pembeni na kwenda zao, vilevile kama mzee Kalinga alivyotaka yaende kule Ifwagi. Na huyu ndiye aliyekuwa akifundisha Kilimo. Bustani ya shule nayo ilikuwa na matuta ishirini ya Kimufindi, yote makavu.

Upande wa pili wa ukuta waliishi Bwana Rasik na mkewe Hemlata, wenye duka. Bwana Rasik alitutangulia miaka mingi iliyopita. Hemlata, ambaye Chunya nzima inamwita Mama Nirav, yupo hapa leo, ameletwa na mwanawe kutoka Mbeya, na amekaa pale karibu na mjane. Uani kwake kulikuwa na bamia, kotmiri, uwatu na majani ya mchuzi mwaka mzima, na Lea aliyaona kila alipoanika nguo. Mwezi wa saba wa mwaka ule wa 1984 Mama Nirav alishindwa kuvumilia.

“Mwalimu, usininunie,” akasema kwa juu ya ukuta. “Maji yanapenda kwenda chini, wewe unapanda juu. Bibi yangu alitoka Kachi, India, kule mvua unaihesabu kwa vidole. Sisi tunapanda shimoni.”

“Nashukuru, Mama Nirav,” Mwalimu akajibu. “Lakini Mhehe hapandi mboga shimoni.”

Akanuna majuma mawili. Alikuwa mtu mwema sana, lakini kichwa kilikuwa kigumu, na wazee wa ukoo wake wanaotabasamu hapo mbele wanajua alikitoa wapi.

Mwanzoni mwa Septemba Lea aliwaandikia wazazi wake kwamba ifikapo tarehe 17 Oktoba atumwe mtu wa kumsaidia mizigo. Barua alimpa mumewe akaitie posta, na hakuifunga. Mwalimu aliisoma barua ile akiwa amesimama nje ya posta. Angeweza kuichana. Angeweza kuisahau mfukoni, kama wanaume wanavyosahau mambo. Aliilamba gundi, akaifunga, akaitia kwenye sanduku. Kisha akaenda moja kwa moja mpaka dukani kwa Bwana Rasik, akavua kofia mbele ya wateja wote.

“Mama Nirav,” akasema, “nifundishe.”

Mafunzo yalichukua siku nne. Mama Nirav alikaa kwenye kigoda na mtoto mapajani, Mwalimu akachimba. Aliyasawazisha matuta yake kwanza, na Lea anasema alifanya hivyo bila kutazama mtu. Kisha akachimba vitalu, kila kimoja kikishuka chini kiganja kimoja na nusu, udongo uliotoka ukawa ukingo pembeni. Ndani akatia samadi ya mbuzi, juu akatandaza nyasi kavu ili jua lisiguse udongo. Katikati ya kila kitalu alifukia chungu cha udongo, shingo tu ikabaki nje, akakijaza maji na kukifunika kwa kigae. Chungu cha namna hiyo huvujisha maji polepole kupitia ukuta wake, na mizizi huyafuata maji hukohuko chini. Ukikijaza leo, unakirudia keshokutwa. Vyungu vilikuwa vya Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, na alivinunua sokoni Mbeya. Mama muuzaji alishangaa sana, kwa sababu wateja wote hutafuta chungu kisichovuja, na huyu alimwagia kila chungu maji, akasubiri, akachagua vile vilivyolowa nje.

Sasa, hapa ni Chunya. Mtu akichimba uani kwake siku nne mfululizo, na amezungushia magunia ili kuku wasiingie, hakuna jirani anayefikiria mchicha. Siku ya tano walibisha hodi wachimbaji watatu wa dhahabu, kila mmoja na karai lake la kuoshea udongo. Mmoja wao alikuwa mzee wetu Lusekelo, wakati ule kijana. Yupo hapa na anakiri.

“Mwalimu, usitufiche,” akasema. “Duara lako limefika wapi?” Duara kwao ni shimo la dhahabu.

“Limefika kiganja kimoja na nusu.”

“Na mwamba umeuona?”

“Nimeona mboji.”

Hawakuamini. Basi Mwalimu akawaruhusu wauoshe udongo wake wote wapendavyo, kwa sharti kwamba maji waje nayo wenyewe, na wakimaliza kuosha wayamwage kwenye vitalu. Wakaosha makarai tisa. Dhahabu hawakupata hata chembe. Mwalimu alipata madumu matatu ya maji ambayo hakuyabeba yeye, na mzee Lusekelo alipata bustani yake mwenyewe mwaka uliofuata, ya shimoni.

Damari alifika Chunya Jumatano, tarehe 17 Oktoba 1984, akiwa na miaka kumi na sita na kamba ya kufungia mizigo aliyopewa na mama. Alimkuta dada yake amepiga magoti kwenye ukingo wa kitalu, mkono umezama kwenye mnafu mpaka kwenye kiwiko.

“Kamwene, dada.”

“Kamwene. Mbona mapema?”

“Barua ilisema kumi na saba. Leo ndiyo kumi na saba.”

“Haya. Ngoja nichume hizi kwanza.”

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na vumbi la chaki mikononi. Alimsalimia shemeji yake, akaitazama ile kamba, akaingia ndani. Siku ya tatu Damari akauliza kama wafunge mizigo. Lea akasema figili bado changa, si vizuri kuziacha. Siku ya sita akasema kuna miche ya nyanya ameihamisha jana tu. Siku ya tisa Damari alirudi Mafinga peke yake na furushi la mnafu. Mama alilifungua mezani, akayageuza majani, akasema, “Basi huyo harudi.”

Mama aliliona hilo akiwa Mafinga. Mwalimu, aliyekuwa akilala na Lea chumba kimoja, hakuliona. Lea hakumwambia kwamba anabaki. Hakuwa mtu wa kutamka mambo ya namna hiyo, na mpaka leo hayuko hivyo. Alikuwa tu akisema kuna kitu cha kuvuna kwanza, na Mwalimu akaogopa kuuliza asije akapata jibu. Miaka yote aliyomwagilia bustani ile, alimwagilia akidhani ameongezewa msimu mmoja tu. Alimwambia Damari hayo mara nyingi, kwa kucheka, lakini alikuwa hatanii.

Januari 1985 shule ilipofunguliwa alisimama paredi mbele ya wanafunzi mia nne, akasema: “Niliyowafundisha kuhusu matuta si mabaya. Ila ni ya Mufindi. Hapa si Mufindi. Nisameheni, na kesho kila mtu aje na jembe.” Ni walimu wachache wanaoweza kusema hivyo, na familia inajivunia siku ile kuliko vyeti vyake vyote.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Adrian mwaka 1985, Faustina 1988 na Sifaeli 1992. Wote walilelewa chini ya sheria moja ya baba yao, kwamba maji hayatoki uani bila kufanya kazi mara mbili. Maji yaliyoosha mchele yalikwenda kwenye miche. Yaliyoosha vyombo yalipitishwa kwenye shimo la mchanga na mkaa, kisha kwenye migomba. Ya kufulia, suuza ya mwisho tu ndiyo iliyoruhusiwa kugusa mboga, na ole wake aliyetia bluu. Watoto walioga wamesimama ndani ya beseni. Faustina alipokwenda shule ya bweni, siku ya kwanza alizunguka bafuni akitafuta beseni, akaona haya kuuliza, akaoga amesimama kwenye ndoo. Mgeni akinawa mikono alielekezwa anawe juu ya shina la mpapai. Nyinyi mlionawa pale nyumbani tangu juzi na kuona beseni limekingwa chini, sasa mmejua, na mpapai unawashukuru.

Wapo waliosema Mwalimu ana mkono wa birika. Kwa maji ni kweli, alikuwa bahili wa kutisha. Kwa mboga hakuwa hivyo. Hakuna aliyepita kwenye ua ule akatoka mikono mitupu, na nyumba karibu arobaini za mji huu zina vitalu vya shimoni alivyovichimba yeye kwa mkono wake, jioni baada ya kazi, akiwaambia watu wamshukuru Mama Nirav.

Alistaafu Machi 2016. Kwa miaka kumi na miwili kabla ya hapo alikuwa akijenga nyumba kidogokidogo Ilomba, jijini Mbeya, na Lea hakuambiwa mpaka paa lilipopanda. Damari aliambiwa. “Shemeji,” alisema, “mimi nilimtoa dada yako kwenye mvua. Nataka nimrudishe kwenye mvua kabla sijafa.” Alifurahi sana siku ya kumwonyesha. Walihamia Januari 2017. Lea alipanda kwa siku mbili, na baada ya hapo hapakuwa na la kufanya. Mvua ilinyesha, mboga zikaota, zikaota na kwenye njia, zikaota mpaka kwenye ngazi. Kufikia Novemba Lea alikuwa amepoa, haongei, anakaa barazani na mikono mapajani. Mwalimu akadhani anaumwa, akampeleka kupimwa. Alipoulizwa na nesi anasikia nini mwilini, Lea akajibu kwamba hana kazi.

Njiani kurudi alimwambia mumewe, “Mboga za hapa hazinihitaji. Nirudishe kwangu.”

Mwalimu akauliza, “Mafinga?”

“Mafinga kuna nani sasa? Chunya.”

Mtu mwingine angeridhika hapo. Mwalimu aliridhika siku tatu, kisha akaanza kushuku kwamba mkewe amesema hivyo ili kumfurahisha yeye, kwa sababu anajua mume wake anayapenda yale mashimo yake. Nyumba ya Ilomba akapewa Adrian, na Februari 2018 wazee wakarudi Chunya, wakaanza kuchimba upya.

Mwaka 2022 Mwalimu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Madaktari Mbeya wakakuta moyo umepanuka. Walimpa dawa, na wakamwekea kipimo cha maji ya kunywa, lita moja kwa siku, isizidi. Wagonjwa wengi hulalamika. Yeye alitoka pale na uso wa mtu aliyefaulu mtihani. Alichora mistari kwenye chupa kwa kalamu, saa kwa saa, akawa anawafundisha na wagonjwa wenzake. Shida ilikuwa moja, kwamba alipunguza hata ile lita. Siku moja Lea alimfuma anamimina yaliyobaki kwenye kikombe chake ndani ya chungu cha mnafu, akamfokea mpaka majirani wakasikia. “Hayo ni ya moyo wako!” Mwalimu akajibu kwa unyenyekevu kwamba ndiko alikokuwa akiyapeleka. Lea alinuna mpaka jioni, lakini tulimwona akicheka jikoni.

Juni mwaka huu, 2025, hali ilibadilika. Alilazwa Mbeya mara mbili, na katikati ya Agosti aliomba arudishwe nyumbani. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia. Kitanda chake kiliwekwa kwenye dirisha linalotazama uani, na kutoka hapo aliendelea kutoa amri juu ya vyungu vipi vijazwe. Hakuwa na maumivu makali, na hilo tunamshukuru Mungu kwa moyo wote.

Alhamisi tarehe 4 Septemba, asubuhi, Lea alikuwa akimwosha miguu kwa kitambaa. Damari alikuwepo chumbani. Mwalimu alimtazama mkewe, kisha akauliza lile ambalo hakuwahi kuliuliza.

“Lea. Nilikosea kukuleta huku?”

Lea hakuinua kichwa. “Mwalimu, karibu miaka arobaini na miwili unalo swali hilo, unaliuliza leo nina beseni mkononi? Ngoja kwanza nikamwage maji.”

Akatoka. Kupitia dirishani Mwalimu alimwona mkewe akiinama, akiyagawa maji yale taratibu, kitalu hiki kidogo, kitalu kile kidogo, bila kumwaga tone kwenye njia. Akatabasamu, akafumba macho. Lea aliporudi alimkuta amelala usingizi mzuri. Siku zilizofuata alikuwa akizinduka na kupotea, hakuongea tena kwa kueleweka. Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Mwalimu Liberatus Kalinga alifariki dunia nyumbani kwake, mkewe amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa na miezi mitano.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumatano. Gari la kupeleka mwili Ifwagi lilikuwa limeshapatikana, kwa kuwa Mkalinga huzikwa kwao, penye makaburi ya baba zake. Wazee walizungumza vizuri na kwa heshima. Walimwambia mjane kwamba naye sasa arudi nyumbani na mumewe, nyumba ipo, na mvua ipo. Lea aliwasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, “Yeye ndiye aliyenileta hapa. Hawezi kuniacha hapa akaenda zake.”

Mzee mmoja akauliza, “Kwani mama, wewe hurudi?”

“Nabaki.”

“Mpaka lini?”

Lea hakumjibu yeye. Aliwageukia vijana wa mtaa waliokuwa wamekaa karibu na mlango, akawaambia wachimbe kaburi upande wa kulia wa kiwanja, waache nafasi ya mtu mmoja upande wa kushoto. Wazee walitazamana, wakakubali. Gari la Ifwagi likarudi tupu, na ndiyo maana leo, Ijumaa tarehe 12 Septemba, tumesimama kwenye udongo wa Chunya.

Mwalimu ameacha mjane, Lea. Watoto watatu, Adrian, Faustina na Sifaeli. Wakwe watatu, wajukuu saba, ndugu wanne, na shemeji mmoja anayesoma karatasi hii kwa shida sasa. Ameacha wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu. Familia inawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee Mama Nirav.

Mwalimu, uliuliza Alhamisi, ukapitiwa na usingizi kabla ya kujibiwa. Hukukosea. Amesema mbele ya wazee wako, kwa mdomo wake mwenyewe, na nafasi imeachwa pale kushoto kwako, kila mtu anaiona. Lea anabaki. Lala sasa kwa amani, shemeji.